Spreyi ya Kalibu kwa Wanaosubu Jigi za Risasi: Kidogo, Mapema, Mbali na Moto

Anayeniletea kalibu, lile umbo la alumini la kumiminia risasi iliyoyeyuka, ikiwa inang'ang'ania risasi hiyo, huanza kwa kuuliza anunue spreyi gani. Mimi humuuliza kwanza kalibu yake aliiosha kwa kitu gani, na kabla ya kumimina aliipasha moto vipi. Mara nyingi shida hujitokeza papo hapo, na pesa ya spreyi inabaki mfukoni. Si kwamba naipinga. Ninayo, na jigi zenye mkia mwembamba, vile vichwa vya risasi vya kuvulia, sizisubu bila hiyo. Ila kazi yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa, na mwenye kuitumia ovyo huishia na vijia vya hewa vilivyoziba, rangi isiyoshika, na siku mbaya kabisa, moto usoni.

Mimi nilikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana hapa Mombasa. Siku hizi nasubu nyuma ya nyumba, Mtwapa, chini ya banda la mabati lisilo na kuta. Wateja wangu ni wa namna mbili. Kuna wavuvi wa mshipi wanaotaka machubwi tu ya kuzamisha mshipi, mazito, ya bei nafuu, umbo si hoja. Kisha kuna manahodha wa boti zinazochukua wageni kuvua, na vijana wa hapa waliojifunza uvuvi huo kwao. Hawa wanataka jigi: kichwa cha risasi kilichosubiwa pamoja na ndoana, kinachoshushwa hadi karibu na mwamba kisha kuvutwa kwa mikato ya haraka, kolekole au chewa akidhani kuna samaki mdogo anayekimbia. Chubwi likitoka na kovu, nani atajali? Jigi ikitoka na kovu inaogelea kombo. Hapo ndipo habari ya spreyi inapoanza kuwa na maana.

Spreyi inafanya kazi gani

Risasi iliyoyeyuka hainati kwenye alumini safi. Ikikwama, imekwama kwa sababu kuna mkwaruzo au ukingo uliofukuka ikaingia humo na kujifunga, au kuna mafuta yaliyoungua yakawa gundi, au kalibu ilikuwa baridi, risasi ikaganda nusu njia na kubaki vipande vipande. Spreyi haiwezi kuondoa hata moja ya hizo sababu.

Inachofanya ni kuacha utando mkavu wa grafaiti, ule weusi wa ndani ya penseli, mwembamba kuliko karatasi, usioungua kwa joto la risasi. Utando huo unateleza, na hilo ndilo watu wote wanalolijua. Jambo la pili ndilo ninalolinunulia mimi: unapunguza kasi ya joto kuhamia kwenye kalibu. Risasi huganda kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mahali penye upana wa milimita moja, kama kile kijino kinachoshikilia chambo cha mpira nyuma ya kichwa cha jigi, ikigusa alumini tupu inaganda kabla haijafika mwisho. Utando unaiongezea muda mdogo wa kukimbia, nayo inafika.

Kwa hiyo ukisubu chubwi la duara la gramu 200, usipoteze spreyi yako. Masizi yanatosha, na mara nyingine hata masizi hayahitajiki.

Masizi kwanza, spreyi baadaye

Kabla ya mikebe hii kufika madukani, kazi yote ilikuwa ya masizi. Washa mshumaa au kiberiti cha gesi, pitisha ncha ya mwali chini ya kila shimo la kalibu mpaka liwe jeusi sawasawa, si jeusi la kuparuka. Masizi ya kibatari siyapendi, ni mazito na hujirundika kwenye pembe. Masizi hayagharimu kitu, hayana gesi ya kulipuka, na ukikosea unayafuta kwa kitambaa. Ubaya wake ni kwamba hayadumu: risasi inayachukua kidogo kidogo kila unapomimina, na baada ya muda inabidi urudie.

Anayeanza namshauri ajifunze kwa masizi. Akishajua kalibu yake inataka nini, ndipo anunue mkebe.

Na mkebe wenyewe uwe wa grafaiti kavu. Soma maandishi yake. Kama yanasema unakausha na kuacha utando wa grafaiti, chukua. Duka la vifaa vya ujenzi au la mafundi wa makufuli huwa nayo, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo wanayotumia kulainisha kufuli bila mafuta. Ukimwagiza ndugu aliye Marekani akuletee ile ya wasubu risasi, mwambie mapema kwamba mikebe ya gesi inayowaka hairuhusiwi kwenye mizigo ya ndege. Kalibu ataweza kukuletea. Yangu ya jigi ni ya kampuni ya Do-It, ya alumini, kutoka jimbo la Iowa, na ilisafiri kwenye begi la nguo bila taabu. Mkebe utabaki uwanjani.

Usitumie WD-40, wala silikoni ya maji maji, mafuta ya kupikia, spreyi ya kupakia trei za keki, au dawa ya kuachisha mishumaa na vitu vya plastiki ya kumimina. Vyote hivyo vina mafuta au nta. Risasi ya nyuzi 380 ikikutana na mafuta, mafuta yanageuka moshi ndani ya kalibu iliyofungwa. Moshi hauna pa kutokea, unasukuma risasi, na jigi inatoka na mikunjo na vishimo. Wengi wakiona mikunjo hiyo huongeza mafuta.

Ukikosa mkebe kabisa, nunua unga laini wa grafaiti, changanya kidogo na spiriti mpaka uwe uji mwepesi, upake kwa brashi ya kuchorea yenye nywele laini. Spiriti inaruka, grafaiti inabaki. Kwa sehemu moja tu inayosumbua, penseli laini ya wachoraji inatosha; paka pale, sugua kwa kidole chenye glavu, umemaliza.

Kuiosha kalibu

Hatua hii haipendwi na mtu, na mimi ndiyo ninayoisimamia zaidi. Kalibu mpya inakuja na mafuta ya mashine ya kiwandani. Kalibu ya zamani ina jasho la mikono, chumvi ya hewa yetu na mabaki ya kila ulichowahi kukipaka. Grafaiti ikipuliziwa juu ya mafuta haishiki alumini, inakaa juu juu, na ukimimina mara ya kwanza inabanduka kama maganda na kuingia ndani ya jigi.

Tumia maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani ambao hautarudi bafuni. Sugua mashimo, mdomo wa kumiminia, mifereji ya ndoana na vile vijia vyembamba vya hewa. Suuza, futa, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye spiriti. Kitambaa kikitoka cheusi au cha manjano, rudia. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia breki za gari. Baadhi yake ina klorini, na mabaki yake yakipata joto kali hutoa gesi ya sumu. Kwa nini ujitafutie hilo na sabuni ipo?

Halafu ikauke, na kukauka huku ni suala la uhai, si la ubora wa kazi. Tone la maji likigeuka mvuke linapanuka takriban mara 1,700. Likiwa chini ya risasi iliyoyeyuka halina pa kupanukia ila kuirusha risasi juu, na juu ndiko kwenye uso wako. Huku pwani, hasa masika, chuma kilicholala nje usiku kinaamka na unyevu usiouona. Kalibu yangu naiweka juani saa kadhaa, kisha karibu na jiko kabla ya kazi. Ndoana nazo nazitandaza kwenye kifuniko cha bati pembeni ya moto zipate joto. Upawa, vijiti, vipande vya risasi vya kuongezea, kila kinachogusa chungu kiwe kikavu na chenye vuguvugu. Mvua ikinyesha sisubu, hata nahodha akipiga simu mara ngapi.

Kunyunyiza

Kalibu iwe baridi, safi na kavu. Jiko liwe bado halijawashwa. Narudia: jiko halijawashwa. Gesi inayosukuma spreyi, na kile kiyeyushi kinachobeba grafaiti, vyote vinawaka. Kunyunyizia kalibu iliyo mkononi wakati makaa yanafuka pembeni ni kujiwashia mwali mwenyewe. Mimi nanyunyiza asubuhi, nje, upande ambao upepo unanitoka mgongoni, halafu mkebe unarudi ndani ya nyumba, kivulini. Naweka jiko baadaye.

Tikisa mkebe mpaka usikie gololi ndani inacheza vizuri, na zaidi ya hapo. Grafaiti hulala chini, na usipoitikisa unapuliza kiyeyushi kitupu. Fungua kalibu, ilaze pande zote mbili zikikuangalia. Ziba mifereji ya ndoana kwa vipande vyembamba vya utepe wa karatasi wenye gundi. Vijia vya hewa huwa sivizibi kwa utepe, ila navisugua kwa kijiti baada ya kukauka.

Shika mkebe mbali kiasi cha shibiri moja na nusu. Pitisha kwa mkono unaotembea, usisimame mahali pamoja: anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kalibu, achia ukishaivuka. Safu ya kwanza iwe ya kuonea haya, alumini bado inaonekana chini yake. Subiri ikauke ibadilike kutoka kung'aa hadi kufifia. Kisha safu ya pili, ukipita upande mwingine, ili kingo ambazo hazikupata mara ya kwanza zipate. Inatosha. Ukiona kijivu kizito kinachochuruzika kuelekea pembe, umezidisha, futa kwa spiriti uanze upya.

Sasa futa nyuso tambarare, zile zinazokutana kalibu ikifungwa. Kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, kimekazwa kwenye kipande cha ubao, kinapita juu bila kuingia mashimoni. Grafaiti ikibaki kwenye nyuso hizo kalibu haifungi sawasawa, na risasi inapenya katikati na kutengeneza utando mkali kuzunguka jigi nzima. Utakaa na tupa jioni yote ukiondoa, na vumbi lake ni sumu ambayo hukuihitaji.

Ndoana haitakiwi kupata spreyi hata chembe. Kinachoishika ndani ya jigi ni risasi iliyoikumbatia ikaganda. Ukiwekea kitu cha kuteleza katikati, siku samaki mkubwa atakapovuta kichwa kitazunguka kwenye shina la ndoana. Ndiyo maana naziba mifereji yake.

Mpwa wangu anayenisaidia siku za shule kufungwa, kijana wa kidato cha nne, aliniuliza juzi: "Mjomba, mbona hunyunyizi tena katikati ya kazi?"

"Mwanangu, kalibu ina moto na jiko linawaka. Unataka nishike mkebe wa gesi hapa?"

"Basi ikianza kukwama?"

"Tunaacha ipoe. Au tunapitisha mshumaa."

Masizi juu ya grafaiti yanakaa vizuri, kwa hivyo kukiwa na haraka mshumaa ndio msaada wa katikati ya kazi.

Risasi yenyewe, na sumu yake

Risasi laini ndiyo inayojaza kalibu yenye maumbo madogo. Mabomba ya zamani, mabati ya risasi ya kuzuia mvua kwenye mapaa, machubwi yaliyochakaa ya nyavu, vyote vyema. Vipande vya kubalansi tairi viangalie: vingi siku hizi ni vya zinki au chuma. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo ukiweka chungu chini ya 400 vipande vya zinki vinaelea, unaviopoa kwa upawa. Ukizidisha moto vinayeyuka ndani, na hapo hakuna spreyi itakayokuokoa. Risasi yenye zinki ni nzito kama uji, haijazi chochote. Ganda la nyaya za chini ya ardhi ni risasi nzuri sana, na sinunui. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa sababu ya watu kuhujumu nguzo na nyaya za umeme. Muuzaji asiyeweza kueleza mali yake imetoka wapi, arudi nayo.

Betri ya gari usiiguse. Ndani yake risasi imechanganyika na tindikali na unga wa sumu, na kuiyeyusha nyumbani kunatoa moshi usiofanana na huu wetu. Watu wa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Owino Uhuru, kijiji cha karibu na Mikindani, kilipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kudai haki, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kila nikimwona mtu amevunja betri uani ili apate machubwi, nakumbuka kijiji kile na sinyamazi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwenye moto wa wastani unaotufaa, moshi wa risasi ni mchache. Hatari kubwa ni vumbi na uchafu wa kijivu unaotoka chunguni kwenda vidoleni, na vidoleni kwenda mdomoni. Kwa hiyo hapa kwangu hakuna sigara, hakuna chai, na wale wenye miraa shavuni wanaitema au wanasimama barabarani. Uchafu unaoelea nautia kwenye kopo lenye kifuniko, siumwagi uani ambako kuku wanadonoa. Sufuria ya chuma cha kusubu, upawa wa chuma, na kamwe si sufuria ya alumini, ambayo haikuundwa kubeba uzito huo juu ya moto huo, na ambayo kesho mtu ataipikia wali. Wajawazito na watoto wadogo hawakaribii. Nguo za kazi hazifuliwi na za nyumbani. Na ndugu zangu wavuvi, acheni kubana vichubwi vidogo kwa meno. Koleo zipo.

Barakoa ya kitambaa haizuii moshi wala vumbi hili. Ukiweza pata ile yenye vichujio vya duara vya P100, vinavyonasa vumbi laini na moshi. Miwani, glavu ndefu za ngozi, suruali ndefu inayofunika juu ya kiatu, kiatu chenyewe cha kufunika. Malapa utaacha mlangoni.

Kupasha na kumimina

Yeyusha polepole. Risasi ikishalainika yote, tupia kipande cha nta ya mshumaa, koroga na ukwangue ukingoni. Nta itawaka kidogo, usishtuke, na uchafu utapanda juu uuopoe. Kipimajoto kikionyesha kati ya 370 na 400, mimina. Usipokuwa nacho, chomeka ncha ya kijiti kikavu cha msonobari: kikigeuka kahawia pole pole, sawa, kikishika moto papo hapo, punguza makaa. Ngozi ya buluu na zambarau ikitanda juu ya risasi safi, umezidisha.

Kalibu nayo ipate joto. Iweke imefungwa karibu na jiko, si juu yake, kisha mimina mbili tatu za mwanzo kwa ndoana mbovu, ila kavu. Zitatoka na mikunjo na mikia nusu. Usiilaumu spreyi, kalibu bado ni baridi. Rudisha risasi chunguni uendelee. Joto likikolea utaona jigi zinaanza kutoka kamili moja baada ya nyingine.

Mimina kwa mkondo mmoja bila kusita, mpaka kikonyo, ile risasi inayobaki kwenye mdomo wa kumiminia, kijae juu ya mdomo. Hesabu kidogo mpaka kikonyo kififie. Fungua, ushike kikonyo kwa koleo, uvute sambamba na umbo. Isipotoka, gonga bawaba kwa kijiti cha mbao. Bisibisi isiingie ndani ya kalibu kwa sababu yoyote, maana mkwaruzo mmoja wa bisibisi ndio utakaokufanya ununue mikebe kumi ya spreyi.

Ukisoma jigi yenyewe itakueleza mengi. Mikunjo yenye kung'aa inamaanisha baridi, au mafuta hayakuoshwa. Uso wenye ukungu mweupe kama umemwagiwa unga ni moto uliozidi. Mkia usiojaa huku kichwa ni kizuri, angalia vijia vya hewa, huenda grafaiti imeviziba. Inakwama kila mara mahali pale pale? Chukua miwani ya kukuzia, utakuta kinundu. Kisugue kwa msasa laini wa 1200, mara chache tu, halafu penseli.

Rangi

Jigi za mwanzo baada ya kunyunyiza hutoka na kivuli cha grafaiti. Ukizipaka rangi hivyo hivyo, rangi inavuka siku ya kwanza ikigonga mwamba. Zifute kwa spiriti, ziache zikauke, kisha ndiyo upake. Rangi ya unga, ile ya kupasha jigi na kuichovya, ndiyo imara kuliko zote. Vijana wengi hapa wanapaka nyeupe ya kawaida kwanza, halafu rangi ya kucha juu yake, na wanavua vizuri tu. Waliopaka kalibu mafuta hawapati rangi inayokaa, hata wafute vipi.

Uzito ni hesabu ya mkondo. Matlai, bahari imetulia, jigi ya gramu 60 inafika pima 20 bila shida. Kusi likishika, ile ile inachukuliwa kando na hufiki chini, ongeza mpaka 150. Mgeni wa Uingereza akikuuliza mbona bado unatumia risasi, ana haki ya kuuliza: kwao machubwi mengi ya risasi ya kuvulia, hadi gramu 28.35, yalipigwa marufuku mwaka 1987 kwa sababu ya bata maji waliokuwa wakiyameza.

Kuihifadhi

Wengine huacha grafaiti ndani ya kalibu mwaka mzima, waone wamejipunguzia kazi. Bara labda. Huku kwetu, grafaiti, alumini na unyevu wenye chumvi vikikutana, alumini inaliwa, inaota unga mweupe na vishimo vidogo, na kila kishimo kitashika risasi. Kalibu ninayoitumia kila wiki naiacha na utando wake. Ile itakayolala zaidi ya mwezi naiosha kwa sabuni mpaka ing'ae, naikausha juani, naifunga kwenye karatasi kavu ndani ya kopo lenye kifuniko, na vifuko viwili vya kunyonya unyevu vile vinavyokuja na viatu vipya. Mafuta sipaki. Siku ya kazi naitoa, naifuta kwa spiriti, nanyunyiza safu zangu mbili, na jiko bado halijawashwa.